Maduara yaliyoachwa Chunya: mwongozo kamili wa kuyafikia, kuyakagua na kutoka salama

Ukitoka Chunya mjini kuelekea Makongolosi, ukaiacha lami na kuingia porini hata mita mia mbili, utakutana na shimo. Ukienda mbele kidogo utakutana na jingine. Mengine yamezungukwa na kifusi chekundu kinachoonekana kwa mbali, mengine yamefunikwa na nyasi hadi mbuzi wa watu wanatumbukia. Dhahabu ya Lupa, yaani ukanda huu wa Chunya, iligunduliwa mwaka 1922, na tangu hapo kila kizazi kimechimba na kuacha mashimo yake. Wa kwanza walichekecha mchanga wa mitoni, waliofuata wakaufuata mwamba, yaani mshipa wa jiwe lenye dhahabu, chini ya ardhi. Saza, upande wa Mkwajuni ambao sasa ni mkoa wa Songwe, palikuwa na mgodi mkubwa uliofungwa mwaka 1956. Wachimbaji wadogo hawajaacha kuchimba hadi leo. Kwa hiyo katika eneo moja unaweza kukuta handaki la enzi za mkoloni likipakana na duara lililoachwa masika iliyopita.

Watu wanayaendea mashimo haya kwa sababu nyingi. Wapo wanafunzi wa jiolojia, watembezi wanaopenda historia, vijana walioambiwa kwamba wazee waliacha dhahabu chini, na wachungaji wanaotafuta kivuli. Mimi nimekulia huku na nimeongoza wageni wengi kwenye mashimo haya, na kwangu ni mahali pazuri pa kujifunza nchi yetu ilivyotengenezwa na ilivyochimbwa. Ila ninawaambia mapema wote ninaoongozana nao: katika duara lililoachwa hatushuki. Duara ni shimo la wima, na hakuna cha kuona chini yake kinachostahili roho ya mtu. Handaki, yaani shimo lililoingia ubavuni mwa kilima, tunaweza kuingia hatua chache kwa masharti nitakayoyaeleza. Sharti moja likikosekana tunabaki mlangoni, na mlangoni panatosha kujifunza mengi.

Kabla ya kuondoka: mwenye shimo ni nani?

Shimo lililoachwa si shimo lisilo na mwenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi yenye mwamba huku iko ndani ya leseni za uchimbaji mdogo au za utafiti, na mwenye leseni anaweza kuwa Mbeya mjini au Dar es Salaam huku shimo lake limeota nyasi. Anzia ofisi ya kijiji, ukajitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji. Kama unapeleka kundi la wanafunzi, pitia pia kwa Afisa Madini Mkazi wa Chunya, kwa kuwa ofisi yake iko chini ya Tume ya Madini na ndiyo yenye ramani za leseni. Usiingie kimyakimya. Mgeni anayeonekana anazungukazunguka kwenye mashimo bila kujulikana huchukuliwa kuwa mwizi wa mawe, na hapo hatari inayokukabili haitakuwa tena ya shimo.

Ukishapata ruhusa, mtafute mzee aliyewahi kuchimba eneo lile. Kaa naye, msalimie vizuri, wala usimharakishe. Muulize mambo manne. Shimo hili liliachwa mwaka gani? Liliachwa kwa nini: maji, hewa, kuporomoka, au dhahabu ilikata? Linaungana na shimo jingine? Kuna baruti ilikataa kulipuka ikabaki ndani? Siku moja mzee mmoja wa Matundasi alinijibu swali la pili kwa neno moja tu, "Hewa," akaendelea kumenya muhogo wake. Safari ya siku ile tuliimalizia pale pale kibarazani kwake, na wanafunzi walijifunza kwake kuliko ambavyo wangejifunza shimoni.

Chagua msimu

Mvua za huku huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi hiyo kaa mbali kabisa, kwa sababu maji hulainisha kingo, hujaza mashimo ya chini na kuozesha matimba, yaani mbao zinazoshikilia dari na kuta. Mei nayo bado, kwa kuwa maji yaliyozama ardhini hayajaisha hata kama juu pamekauka. Nenda kati ya Julai na Oktoba, asubuhi, na siku isiyo na dalili ya mvua.

Namna ya kulisogelea shimo

Hapa ndipo wengi huumia kabla hata hawajafika wanakokwenda. Mashimo hayakuchimbwa ovyo, yanafuata mwamba. Mchimbaji alilikuta jiwe jeupe lenye dhahabu limejitokeza juu, akalifuata linakoelekea, na kila baada ya hatua kadhaa akachimba duara. Ukiona mashimo mawili, piga mstari wa macho katikati yake, kisha uurefushe pande zote mbili. Kwenye mstari huo kuna mashimo mengine, na baadhi huyaoni kwa sababu ya nyasi. Kati ya duara na duara, ardhi unayoikanyaga huenda ikawa na uwazi chini yake, maana wachimbaji waliutoa mwamba wakaacha ganda la juu tu.

Kwa hiyo usitembee juu ya mstari wa mwamba. Tembea pembeni yake, na ukilazimika kuuvuka, uvuke mahali penye miti mikubwa iliyosimama wima, ukipapasa mbele kwa fimbo ndefu, mmoja mmoja na kwa nafasi. Mti ulioinama kuelekea shimoni, ufa uliojipinda kama mwezi mchanga kuzunguka mdomo wa shimo, au kifusi kilichobonyea katikati ni dalili kwamba kingo zinaondoka. Ukiziona dalili hizo rudi nyuma, hata kama kuna jiwe unalolitamani. Duara la zamani lina umbo la chupa: mdomo ni mwembamba na chini ni pana, kwa sababu kuta za chini zimekuwa zikimeguka miaka yote. Unapodhani umesimama hatua mbili kutoka ukingoni, huenda umesimama juu ya hewa tupu.

Wapo wanaopima kina kwa kutupa jiwe. Ukitaka kufanya hivyo, kwanza paza sauti na usikilize kwa muda, kwa sababu si mara moja watu wamekutwa chini ya shimo lililosemwa limeachwa. Kisha tupa ukiwa mbali na ukingo na uhesabu sekunde. Sekunde mbili ni kama mita 20, na tatu ni kama mita 40. Ukisikia maji, kina ulichopata ni cha kufika kwenye maji tu, na maji yenyewe yanaweza kwenda chini mara mbili ya hapo.

Hewa

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, karibu na kwetu kulikuwa na duara lililolala msimu mzima wa mvua. Kijana wa jirani alishuka kuchukua bomba la pampu lililosahaulika humo. Halikuwa duara refu, na wengi wetu tuliokuwa juu tulimwona. Alipofika chini alikaa kitako, kama mtu aliyechoka anayejipumzisha, akaegemeza kichwa ukutani. Kaka yake akamwita. Hakuitika. Kaka akashuka mbio, akafika, akainama kumshika, naye akalala juu yake. Wa tatu alikwisha kuweka mguu kwenye ngazi, mzee mmoja akamdaka shati kwa nyuma na kulishikilia hadi likapasuka mgongoni. Walipotolewa wale wawili hawakuwa na hata mchubuko. Sisi watoto tulidhani ni uchawi. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ilikuwa hewa.

Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 20.9. Shimoni oksijeni inaliwa na vitu viwili visivyoonekana vikila. Cha kwanza ni mbao za matimba zinazooza. Cha pili ni lile jiwe la njano linalong'aa ambalo wageni hulidhania dhahabu, yaani pairaiti. Likikutana na unyevu huota kutu polepole, na kutu hiyo hutumia oksijeni. Shimo likiachwa bila upepo kwa miezi, oksijeni inapungua pasipo harufu wala moshi. Ikishuka chini ya asilimia 16 akili inaanza kuyumba, na mtu anafanya uamuzi wa ajabu huku akijiona yuko sawa. Ikifika asilimia 10 anaweza kuzimia. Ikishuka hadi 6, dakika chache zinatosha kumaliza kila kitu. Mwili haukuonyi, kwa sababu ile hali ya kukabwa tunayoijua husababishwa na kujaa kwa kaboni dayoksaidi mwilini, wala si kupungua kwa oksijeni.

Kaboni dayoksaidi yenyewe ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hivyo hutuama chini kama maji kisimani. Mtu aliyesimama anaweza kuwa mzima huku anayeinama kuokota jiwe anaanguka. Yule kaka aliinama.

Kisha kuna kaboni monoksaidi, gesi ya moshi wa injini na wa baruti. Mtu akiwasha pampu ya petroli ndani ya shimo au mdomoni pake, gesi hiyo inajaa ndani na kubaki. Haina rangi wala harufu. Kwenye maji yaliyosimama muda mrefu kuna gesi nyingine yenye harufu ya mayai viza, inayotoka unapoyakanyaga na kuyatibua. Ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla usifurahi, kimbia. Upande wa makaa ya mawe, kama Kiwira, kuna methani, ambayo hupanda na kukaa darini. Ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inalipua handaki zima.

Wazee walitumia mshumaa au kibatari: kikizima, unatoka. Nawaheshimu, lakini usiutegemee ujuzi huo. Mwali huzima oksijeni ikiwa karibu na asilimia 16, na hapo kichwa chako kimekwisha kuchelewa. Kwenye kaboni monoksaidi mshumaa unawaka vizuri tu huku wewe unakufa. Kwenye methani mshumaa ndio utakaokuua.

Kinachohitajika ni kipima gesi chenye kusoma vitu vinne: oksijeni, kaboni monoksaidi, gesi ya mayai viza na gesi zinazolipuka. Ni ghali, lakini kundi linaweza kuchangia au kuazima chuoni au kwenye mgodi unaofanya kazi. Kiwashe nje penye hewa safi, hakikisha kinasoma 20.9, kisha kitangulize mbele yako kwa fimbo, juu, katikati na chini karibu na sakafu. Oksijeni ikisoma chini ya 19.5, toka. Kaboni monoksaidi ikifika sehemu 35 kwa milioni, toka. Gesi ya mayai viza ikifika 10, toka. Kikilia kengele usisimame kukisoma, geuka kwanza. Na kama huna kipima gesi, huingii hata handaki la hatua kumi.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui: shimo linapumua. Mgandamizo wa hewa ukishuka nje, kama mvua inapokaribia, hewa mbaya iliyojificha kwenye nyufa na matawi ya ndani hutoka na kujaa njiani. Ndiyo maana handaki lililokuwa salama asubuhi linaweza kuua saa tisa alasiri. Vipimo vya jana ni vya jana.

Dari, sakafu na maji

Ukiwa mlangoni mwa handaki, mulika dari kwa muda mrefu kabla ya kuvuka kivuli. Mlango ndio sehemu dhaifu kuliko zote, kwa kuwa mwamba wa hapo umelainishwa na jua na mvua. Angalia chini pia. Mawe yaliyoanguka yakiwa na vumbi na utando wa buibui, yameanguka zamani. Yakiwa na uso safi unaong'aa, yameanguka juzi na mengine yako njiani.

Mchimbaji mzoefu hugonga dari kwa mtaimbo akiwa amesimama upande aliotoka, mahali alipokwisha kupahakiki. Mwamba mzima unalia kama chuma. Uliojitenga unatoa sauti ya debe tupu, na hapo hupiti. Usiguse timba hata moja. Timba lililooza unaweza kulichoma kwa kidole kikazama kama kwenye keki, lakini bado huenda ndilo pekee linalozuia tani kadhaa za mawe. Usiegemee, usining'inize begi, usipige kelele za mwangwi kwa mchezo.

Sakafu ina hila kuliko dari. Katika migodi ya zamani, wachimbaji waliotoa mwamba chini ya njia yao walitandika mbao juu ya uwazi na kumwaga kifusi, ili mikokoteni ipite. Leo unaona njia nzuri tambarare, kumbe mbao zimeoza na chini kuna mita nyingi za giza. Kagua kwa fimbo nzito kila hatua. Ukisikia mdundo wa ngoma, rudi kwa nyayo zako zile zile. Dimbwi pia usilikanyage hata likionekana la kifundo cha mguu, kwani duara la ndani likijaa maji linafanana kabisa na dimbwi.

Vitu usivyotakiwa kugusa

Baruti ya zamani ikitoa jasho la mafuta au chumvi nyeupe ni hatari kuliko ilivyokuwa siku iliponunuliwa. Vivyo hivyo vile vibomba vidogo vya shaba au alumini vya kuwashia baruti, ambavyo watoto huviokota wakidhani ni vifuniko vya kalamu, na vimewakata vidole. Ukiona waya, tambi ya kuwashia baruti au boksi, usipige picha kwa karibu wala usisogeze. Weka alama nje ya shimo, kisha toa taarifa polisi na kwa ofisi ya madini. Mashimo yaliyozungukwa na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, usikalie chini wala kulia chakula hapo, maana zebaki imetumika humo kwa miaka mingi.

Kuhusu wanyama: nyoka hupenda mlangoni kwenye ubaridi, nyuki hupenda kingo za duara. Nungunungu na fisi hulala ndani ya mahandaki, kwa hiyo ukiona mifupa na kinyesi cheupe mlangoni, hapo pana mwenyeji. Popo ndio ninaowahofia zaidi. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka nchini Uganda waliugua Marburg, homa ya virusi inayoua, na popo waliokuwa wakiishi mgodini walikutwa na virusi hivyo. Kinyesi chao kikavu nacho hubeba ukungu unaoshika mapafu. Handaki lenye popo ni la popo.

Watu, vifaa na saa

Muwe wanne au zaidi, na wawili wabaki nje muda wote. Kofia ngumu, buti, tochi ya kichwani na tochi nyingine mbili kwa kila mtu. Mwanga wa simu hauhesabiwi. Maji, filimbi, kamba, sanduku la huduma ya kwanza. Simu nyingi hazishiki mtandao porini, hivyo kabla ya kuingia tafuteni mahali penye mtandao na mpajue. Mwachie mwenyekiti wa kitongoji majina yenu, jina la eneo na saa ya kurudi. Ndani msipite mahali ambapo mwanga wa mlangoni hauonekani. Kwa wageni wangu nimeweka dakika kumi na tano, na ninazisimamia hata wakinuna.

Mtu akianguka

Usimfuate. Najua ni neno gumu, hasa akiwa ndugu yako, na nimeona kwa macho yangu gharama ya kulipuuza. Aliyeanguka bila kuguswa na kitu ameangushwa na hewa, na hewa hiyo inakusubiri na wewe. Kama amefungwa kamba, mvuteni mkiwa nje. Kama hajafungwa, mmoja akimbilie mahali penye mtandao apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji, mwingine akimbilie wachimbaji walio karibu. Wana kompresa, na bomba la kompresa likipeleka hewa safi chini linaweza kuokoa mtu kabla ya waokoaji kufika. Injini iwekwe mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo hautaleta moshi wake. Mnaobaki, mshikeni yeyote anayetaka kujirusha, mshikeni hata shati lipasuke.

Shimo likiporomoka na kumfungia mtu ndani, msichimbe ovyo juu yake. Pigeni kwa jiwe juu ya mwamba, mnyamaze, msikilize. Mwaka 2015 kule Nyangarata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Penye hewa na maji mtu anaishi, basi wapeni waokoaji nafasi ya kufanya kazi kwa utaratibu.

Mkirudi

Pigeni simu kwa mwenyekiti mumwambie mmetoka. Mpeni orodha ya mashimo mliyoyakuta wazi karibu na njia za watoto na mifugo, ili yawekewe uzio wa miiba. Nguo zifuliwe peke yake. Kisha kila mmoja aandike tarehe ya safari mahali ambapo hataisahau. Ukipata homa, kikohozi au maumivu makali ya kichwa ndani ya wiki tatu, nenda hospitali, na kabla daktari hajaandika kipimo cha malaria mwambie uliingia kwenye shimo la zamani, siku gani, na kama uliona popo.